Kiai cha Odeta

Nasikia bado wanabishana. Pale Mabatini, Mwanza, kwenye benchi la muuza kahawa, wanaume wazima wenye wake na watoto wanakaa kuulizana kipi kinamfaa mwanamke akivamiwa: karate, kung fu au ndondi. Mmoja anainua mguu kuonyesha, mwingine anamshika kiuno, kahawa inamwagika, watu wanacheka. Na ubishi ukipamba moto lazima mmoja alitaje jina la mdogo wangu Odeta. "Yule binti alikosea hapa." "Hapana, alikosea pale." Nikipita wananyamaza. Nikishapita wanaendelea.

Basi leo nitasema mimi, Justa, dada yake. Nitasema kwa hasira, maana sina namna nyingine ya kuisimulia habari hii, na anayetaka nitulie akatafute mwingine wa kumtuliza.

Ilikuwa mwaka tisini na nne, wakati kila kitu ni ruksa. Viwanda vya samaki vilikuwa vinaota ufukweni kila kukicha. Minofu ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tuliomkata tunarudi nyumbani na mapanki, yaani kichwa na mifupa. Mimi nilikuwa na mwaka wa tatu kwenye meza ya kukatia. Odeta nilimleta mwenyewe kutoka kwetu Bujora. Siku ya kumchukua, mama yetu, ambaye sote tunamwita Mayu, alinisindikiza mpaka barabarani Kisesa akaniambia, "Huyu nakukabidhi wewe. Akiguswa huko mjini sitamuuliza mtu mwingine." Nikamjibu kwamba mjini mimi si mgeni. Ndivyo nilivyomjibu, kwa kichwa juu.

Odeta alikuwa na miaka kumi na tisa na mkono wa kulia ambao sijawahi kuuona mwingine wa aina yake. Kisu kikiingia nyuma ya kichwa cha sangara hakisimami mpaka mkiani, na kwenye mfupa hakibaki nyama ya kumshibisha paka. Mimi namaliza mnofu mmoja, yeye yuko kwenye wa tatu. Msimamizi alishamwahidi kwamba mwakani atamtoa mezani, atamfundisha kazi ya ukaguzi, avae koti jeupe na kushika karatasi badala ya kisu. Lakini ili afike mwakani ilibidi kila siku afike kazini na arudi nyumbani mzima. Hilo tu ndilo lililokuwa likituumiza vichwa.

Kwa sababu gari la wafanyakazi lilikuwa limeondolewa. Asubuhi moja tulikuta tangazo ubaoni, mistari miwili na mhuri. Ukizunguka kwa barabara kuu kutoka kiwandani mpaka Mabatini ni mwendo wa saa nzima, na sisi tumesimama kwenye maji ya barafu tangu alfajiri, miguu imevimba. Kwa hiyo tulikatiza njia ya mawe. Ni njia inayopita katikati ya majabali mawili, upana wake kama kitanda, halafu inatokea nyuma ya ghala la pamba lililoachwa na chama cha ushirika. Mwezi wa tatu walimkaba Teodora, wa meza yetu, hapo hapo, saa kumi na moja jioni, jua linawaka. Vijana wawili. Hereni walizing'oa pamoja na nyama ya sikio. Wiki iliyofuata wakamkamata mwingine, na huyo hawakutaka hereni.

Tulikwenda kwa meneja watu kumi na wawili. Akatusikiliza huku anatia saini karatasi zake, kisha akasema kwamba siku hizi kila mtu anajitegemea, na kwamba anasikia Mabatini kuna walimu wazuri wa karate. Hakusema kwa utani. Alikuwa anatushauri.

Na kweli walimu walikuwepo, mtaa ulikuwa umeambukizwa. Lile ghala la pamba, ambalo baba zetu walikuwa wakipeleka marobota, sasa lilikuwa ukumbi, na jioni limejaa watu wenye pajama nyeupe wakipiga hewa ngumi. Nikamwambia Odeta kwamba hatutaingia kichwa kichwa. Tutawazungukia wote, tuwaulize swali moja, kisha tuchague. Swali nililitunga mimi: natoka kazini, nina ndoo ya mapanki kichwani, khanga kiunoni, kandambili miguuni, njia ni upana wa kitanda. Mtu ananikaba kwa nyuma. Nifanye nini?

Tulianza na Luhaga. Huyu alikuwa na banda la video, na kung fu yake aliipata kwenye mashine ile ile, anasimamisha picha, anarudisha nyuma, anaiga. Alilisikiliza swali langu akatabasamu. Akasema nikanyage jabali la kushoto, nijirushe juu ya kichwa cha adui, nitue nyuma yake. Akatuonyesha kwa ukuta wa banda. Akaanguka chali, akasema sakafu ina vumbi.

Wa pili alikuwa Gidion, mwalimu wa karate, ambaye kila mtu alimwita sensei hata mama yake mzazi. Alikuwa na mkanda mweusi na cheti ukutani chenye maandishi ambayo hakuna mtu Mwanza nzima aliyeweza kuyasoma. Akafikiri kidogo, akasema, "Kwanza unatua ndoo chini."

"Na yeye atanisubiri?" nikamuuliza.

Hakupenda. Lakini sitamnyima haki yake: alichoonyesha baada ya hapo kilikuwa na akili. Kisigino juu ya unyayo wa adui, kiwiko mbavuni, geuka, goti. Mambo mafupi, ya mahali pembamba. Mateke yake ya kufika puani nilimwambia ayaache, khanga haina nafasi hiyo, naye akakubali.

Wa mwisho alikuwa Okwach, mtu wa Shirati, kuli wa bandarini ambaye ujana wake aliumalizia kwenye ndondi. Pua yake ilikuwa imelalia shavu la kushoto. Alitukaribisha kwenye kigoda nje ya chumba chake, na swali lilipokwisha akacheka mpaka akakohoa.

"Dada yangu, ndondi ni ya watu wawili wenye uzito mmoja, na refa katikati. Wewe una kilo ngapi? Sikiliza. Hiyo ndoo tupa. Kimbia. Ita watu. Wakikushika, uma, na uzidi kuita watu. Huko kwenu hamna namna ya kuita watu?"

Nilikasirika. Nilimwambia tumekuja kufundishwa kupigana, hatukuja kufundishwa kukimbia, kukimbia hata kuku anajua. Akainua mabega. Njiani Odeta alisema, "Lakini dada, yule ndiye aliyejibu swali." Nikamwambia anyamaze, yule ni mlevi. Na hakuwa mlevi. Sijui hata neno lile lilitoka wapi.

Tukaenda kwa Gidion.

Siku ya kwanza alisema, "Leo tunaanza kata." Odeta akauliza, "Tukate nini, sensei?" na mkono wake wa kulia tayari umejikunja kama umeshika kisu. Ghala zima likaangua kicheko. Kumbe kata kwao ni zile hatua za kufuatana, unapiga adui asiyekuwepo kushoto na kulia. Na yeye akacheka. Mimi sikucheka. Niliona uso unaniwaka, kwa sababu wale wasichana wa mjini waliovaa pajama safi walikuwa wananitazama mimi, dada mtu.

Siku ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Gidion alitaka kuona tunafanya nini tukishtuliwa. Akamnyatia Odeta kwa nyuma, akamkaba shingo. Na Odeta, mtoto wa Bujora, hakufanya kiwiko wala kisigino. Aliachia mwano.

Kwa asiyejua, mwano ni ule ukelele wetu Wasukuma wa kuitana kwenye hatari. Unapanda juu, unakatika, unapanda tena. Ukiusikia huna ruhusa ya kufikiri. Anayekula anaacha ugali, anayeoga anatoka na povu, kila mtu na fimbo yake, na anaupokea na kuupeleka mbele mpaka kijiji cha pili. Anayebaki ndani ataitwa na sungusungu, walinzi wa kijiji, aeleze mbele ya watu alikuwa anafanya nini cha maana kuliko uhai wa mwenzake. Odeta alinyonya jambo hili pamoja na maziwa. Basi kabla Gidion hajamwachia shingo, mlango wa ghala ulikuwa umejaa watu. Fundi baiskeli ameshika spana. Wazee wawili na bakora. Mama mmoja mnene ametoka jikoni na mwiko una ugali. Wanahema, wanauliza, "Yuko wapi? Yuko wapi?"

Wale wa pajama walicheka mpaka wakakaa chini. Wale waliokuja kuokoa wakaondoka wamenuna, na mama wa mwiko akatukana.

Gidion hakucheka. "Hapa si porini," akasema. "Yowe linatoka kooni, na kooni ndiko woga unakokaa. Mwanamke akipiga yowe anamwambia adui kwamba ameshashindwa. Sisi tuna kiai." Akasimama, akavuta pumzi, akaachia sauti moja fupi, nzito, "Kiai!" mpaka popo wakatoka darini. "Hiki kinatoka tumboni. Hiki hakiombi msaada. Hiki kinavunja moyo wa adui."

Niliyapenda maneno hayo. Nataka hili lieleweke, maana wengi wanadhani mtu wa kulaumiwa ni Gidion peke yake. Mimi niliyapenda. Miaka mitatu mezani nilikuwa nimefokewa na msimamizi, nimefokewa na meneja, nimefundishwa kuomba ruhusa ya kwenda msalani, na hapa mtu ananiambia kuna sauti isiyoomba. Jioni ile nilimkalisha Odeta kitandani nikamwambia, "Usinitie aibu. Huo ukelele wa kijijini uache Bujora. Ukishikwa unapiga kiai kama sensei alivyosema. Umesikia?"

"Na watu watajuaje kwamba nimeshikwa?"

"Hutahitaji watu."

Nikaanza kumfunza mwenyewe. Asubuhi kabla ya kazi, nyuma ya nyumba, namshika ghafla akiwa anafua. Jioni namshika akiwa anachambua dagaa. Kila alipoanza kupandisha sauti namzaba mgongoni: tumboni, Odeta, itoe tumboni. Baada ya wiki tatu ikakaa. Ilitoka fupi na nzito kama ya mwanamume. Majirani walishazoea. Watoto wa uani walikuwa wanamjibu kiai kwa kiai, na kuanzia saa kumi jioni mtaa mzima ulikuwa unabweka hivyo, kwetu, ghalani, kwa Luhaga. Hakuna aliyekuwa anageuza hata shingo.

Mwezi wa saba Gidion na Luhaga waligombana hadharani. Luhaga alisema karate ni ya watu wenye viungo vikavu, Gidion akasema kung fu ni sarakasi. Mwenyekiti wa mtaa akaona ni jambo la maendeleo, akaamua Jumamosi alasiri kila mmoja alete wanafunzi wake ghalani, waonyeshe, watu waamue mtindo gani unawafaa akina mama wa Mabatini. Maneno hayo hayo yaliandikwa kwa chaki mlangoni. Gidion alinichagua mimi nionyeshe kujinasua, na Odeta aonyeshe kata ya pili. Mimi siku hiyo sikuwa na zamu. Odeta alikuwa nayo, mpaka saa tisa. Tulikubaliana atakuja moja kwa moja kwa njia ya mawe.

Ningeweza kwenda kumchukua. Nilikuwa na muda wote. Nilikuwa napiga pajama pasi.

Ghala lilijaa. Akina mama wa Mabatini, ambao shughuli ilikuwa yao, walisimama nyuma. Viti walikalia wanaume. Luhaga alianza. Wanafunzi wake waliruka vizuri, nani akatae, walipasua matofali mawili na moja likagoma. Akaja Gidion na mimi. Nikakabwa na kijana mmoja kwa heshima zote, nikamkanyaga polepole, nikamgusa mbavu, akaanguka kabla sijageuka. Watu wakapiga makofi. Luhaga akasimama na kusema kijana ameanguka mwenyewe. Gidion akajibu. Mwenyekiti akataka hoja zitolewe moja moja. Wakaanza: je, ni bora kupiga au kukwepa, je, mwanamke ana nguvu miguuni au mikononi, je, ukipiga koo adui huchukua sekunde ngapi kuanguka. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alikuwa anaandika.

Hapo ndipo tuliposikia kutoka nyuma, kwenye mawe. Fupi, nzito.

"Kiai!"

Gidion akainua kidole, uso umemng'aa. "Sikieni! Mnasikia hiyo? Inatoka tumboni! Huyo ni msichana wangu, anapasha mwili joto anakuja."

Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga. Nilipiga kwa nguvu kuliko wote, nikamgeukia mama aliyekuwa nyuma yangu nikamwambia, "Ni mdogo wangu."

Ikasikika ya pili. Luhaga akasema, "Ndiyo shida yenu, kelele nyingi. Mwanafunzi wangu adui hamsikii akija." Watu wakacheka. Mwenyekiti akauliza kama sauti ni sehemu ya mtindo au ni pambo. Gidion akaanza kueleza habari ya pumzi, inavyoshuka, inavyokaa, na alikuwa katikati ya maelezo ilipokuja ya tatu. Hiyo haikuwa nzito. Ilianza tumboni ikakatikia njiani.

"Hiyo mbaya," Gidion akasema. "Amechoka. Nitamrekebisha akifika."

Nilisimama pale na pajama yangu iliyopigwa pasi nikakubali kwa kichwa. Nilikubali kwamba mbaya. Nilijisikia hata kuudhika kidogo, kwamba amepiga vizuri mara mbili halafu anatuharibia.

Okwach ndiye aliyeinuka. Alikuwa amekaa karibu na mlango wa nyuma, hakuna aliyemwalika kuonyesha chochote. Akasema, "Mtu hapashi mwili joto hivyo," akaondoa komeo akatoka. Tukasikia anapiga kelele kwa sauti ya kuli wa bandarini, "Watu! Njooni! Mtoto anauawa!" Ndipo ghala zima likakumbuka kwamba lina miguu.

Wale vijana walikuwa wameshakimbia. Odeta alikuwa amekaa ameegemea jabali, gauni limechanika begani, mapanki yametapakaa, ndoo imepinduka. Ameukumbatia mkono wa kulia kifuani na damu inashuka mpaka kiwikoni. Baadaye alituambia yote. Alifanya kila kitu. Alitua ndoo. Alikanyaga unyayo, akapiga kiwiko, wa kwanza akamwachia kweli kweli, akajikunja. Wa pili akatoa kisu. Odeta akazuia kwa mkono, kama alivyofundishwa kuzuia ngumi. Ngumi ya yule ilikuwa na kisu.

Watu mia moja na zaidi, hatua arobaini kutoka pale. Nilizihesabu siku nyingine. Hatua arobaini, tena mbio huwa chache zaidi.

Gidion akafika anahema, akapiga goti mbele yake. Nilidhani atamfunga jeraha. Akamuuliza, "Ulizuia kwa mkono upi? Ulizuia ndani au nje?"

Nilimpiga kofi. Mkanda mweusi mzima, na hakuliona likija. Nilimpiga la pili, la tatu, nikampiga na ngumi, nikamng'ata bega, na wakati wananivuta nilisikia nyuma yangu Luhaga anamwambia mwenyekiti kwamba kung fu ina namna maalumu ya kunyang'anya kisu. Mbele ya damu ya mtoto. Namna maalumu. Nilitaka kumrudia yeye pia lakini nilikuwa nimeshikwa na wanaume wanne, na Okwach alikuwa amevua shati lake anaufunga mkono wa mdogo wangu, analia.

Hospitali walimshona. Daktari akatuambia mishipa ya vidole viwili imekatika na mkono utapona, lakini hautakumbata tena kitu chembamba. Nikamuuliza, kitu kama kisu? Akasema, kama kisu, kama kalamu. Kiwandani waliweka mtu mwingine kwenye nafasi yake Jumatatu, kabla hata bandeji haijabadilishwa.

Mayu alifika Jumatatu hiyo hiyo mchana, miguu ina vumbi jekundu. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaushika ule mkono, hakulia. Mama yetu akikasirika huwa hana machozi, ndivyo nami nilivyo. Aliniuliza mimi, siyo Odeta.

"Watu walikuwepo?"

"Walikuwepo, Mayu."

"Mchana?"

"Mchana."

"Mwano wanausikia, wanakaa?" Akasimama. "Hakuna Wasukuma Mabatini? Nionyeshe huo mtaa. Nataka niende nisimame katikati niwaulize, mmoja mmoja, jina na ukoo wake. Mtu anasikia mwano anakaa kwenye kiti! Haijawahi kutokea tangu nizaliwe. Twende, Justa, vaa viatu."

Alikuwa anatafuta khanga yake ajifunge. Angekwenda kweli. Wazee wangeitwa, watu wangesimamishwa, na wa kwanza kusimama ningekuwa mimi.

"Sikupiga mwano, Mayu," Odeta akasema.

Mayu akageuka. "Hukupiga? Kwa nini?"

Odeta alinitazama. Si kwa muda mrefu. Nilikuwa nimefungua mdomo, nataka Mungu aone kwamba nilikuwa nimeufungua, lakini hakuna kilichotoka, si kooni wala tumboni.

"Nilisahau," akasema.

Mayu alikaa chini kwa uzito, ndipo machozi yakamtoka. Alirudia rudia neno hilo, kusahau, mtoto wa kwetu anasahau mwano, mji huu umemfanya nini mtoto wangu. Kisha akajifuta, akasema anakwenda kutafuta uji, maana mgonjwa hajala.

Tukabaki wawili. Nilimshika ule mkono mzima, wa kushoto. Nilikuwa na maneno mengi juu ya Gidion, juu ya Luhaga, meneja, mwenyekiti na chaki yake, na nilikuwa nimeshaanza kuyatoa, nawaka, namwambia nitakavyowafanya. Odeta akanisubiri nipumue.

"Mwano ulinifika mpaka kooni," akasema. "Nikaumeza. Nikasema dada atakasirika." Alikuwa anasema taratibu, bila ubaya, jambo ambalo sijamsamehe mpaka leo. "Halafu nikasema haidhuru, dada yuko pale ghalani, kiai changu anakijua, tumekifanya wote. Watu wengine watadhani ni mazoezi, lakini yeye atajua. Nikawa napiga nikisubiri. Dada, ulinisikia?"

Ningeweza kusema hapana. Ghala lina kuta nene na watu walikuwa wanabishana, angeniamini.

"Nilikusikia mara zote tatu," nikamwambia. "Ya kwanza niliipigia makofi."